Maji ya Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 29 Julai 1974

Mke wangu Sekela ameondoka asubuhi kwenda Kyela kumwuguza binti yetu aliyejifungua. Amesema atakaa miezi miwili. Ameniachia ng'ombe mmoja, kuku tisa na maagizo mengi kuliko niliyowahi kutoa darasani kwa miaka thelathini na moja.

Jioni nilishuka kitaluni. Matuta matatu kati ya kumi na mawili yalikuwa makavu. Kitalu kina miche ya chai elfu sita, nami ndiye katibu wa kamati yake. Mvua zikianza kila nyumba itapewa miche mia tatu, nyumba ishirini kwa jumla. Miche ikifa tutangoja mwaka mwingine. Zamu ya kumwagilia imeandikwa kwa hati safi na kubandikwa mlangoni mwa ghala. Hakuna aisomaye.

Alhamisi, 1 Agosti

Kavu tena, matuta mawili. Nilimwuliza mwenye zamu. Alijibu kwamba alidhani jirani yake amekwenda. Nilimwuliza jirani. Alidhani vivyo hivyo.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekwenda Makandana kwa Zuber, fundi saa na muuza vitambaa. Nilimweleza kwamba nataka kitu cha kufanya kazi moja, kila siku, saa ile ile, pasipo kumtegemea mtu. Alicheka. Akasema hata mkewe Kuruthumu amekuwa akitafuta kitu kama hicho tangu walipooana. Kisha akaleta saa ya mezani yenye kengele, ya Kijerumani, imepauka rangi ya kijani.

Saa hiyo ina funguo mbili kwa nyuma: mmoja wa mwendo, mwingine wa kengele. Kengele ikilia, ufunguo wake huzunguka wenyewe kinyumenyume. Zuber alinionyesha. Nilikaa nikiutazama ufunguo ule ukizunguka, na mawazo yangu yote yakakusanyika hapo. Kinachozunguka kinaweza kuvuta uzi. Uzi unaweza kung'oa kigingi.

Ameniazima mpaka mvua zianze.

Jumapili, 4 Agosti

Ibada. Mahubiri marefu. Nilichora kilango cha maji nyuma ya kitabu cha nyimbo, jambo ambalo ningemwadhibu mwanafunzi kwalo.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeijaribu nyumbani. Baada ya chakula cha jioni niliijaza saa kwa kuzizungusha funguo zote mbili, nikaweka mshale wa kengele kwenye tano, yaani saa kumi na moja. Alfajiri ililia. Uzi ulijiviringa vizuri na kigingi kikatoka. Kuku walifadhaika.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemaliza kuifunga kitaluni. Naandika namna inavyofanya kazi ili asiwepo wa kusema hakuelezwa.

Maji ya mfereji yanaingia katika mwanzi mkuu. Mahali yanapoingilia kuna kilango cha ubao kilichozuiwa na kigingi. Saa imo ndani ya kijumba cha mbao, imefunikwa isilowe. Kengele ikilia, ufunguo huviringa uzi, uzi hung'oa kigingi, kilango huinuka. Maji hupita mwanzi mkuu, huingia katika mianzi midogo yenye matundu, huanguka juu ya matuta. Pale penye kilango sehemu ya maji hudondokea debe lililoning'inizwa. Debe likijaa, uzito wake hukifunga kilango, kikanasa hapo. Kisha debe hutoa maji yake taratibu kwa tundu la msumari, likabaki tupu. Kazi ya binadamu ni moja tu: kujaza funguo na kurudisha kigingi mara moja kwa siku. Kazi hiyo nitaifanya mimi.

Nilipomaliza ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nilijaza funguo, nikarudisha kigingi, nikapanda nyumbani.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilishuka alfajiri kushuhudia. Saa kumi na moja kamili kengele ikalia na maji yakaanguka kwenye matuta yote kumi na mawili. Nimewahi kuona shule ikipata kwa mara ya kwanza darasa lililofaulu lote. Furaha ilikuwa ya namna hiyo.

Orodha ya zamu nimeibandua.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepanga ratiba yangu. Kisomo cha watu wazima ni saa nane mchana, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Saa kumi nipo kitaluni kujaza saa. Saa kumi na moja kasoro robo lazima niwe njiani, kwa maana ng'ombe hana mwingine wa kumrudisha zizini. Asubuhi saa moja nashuka kukagua.

Leo asubuhi: kigingi nje, debe tupu, matuta yamelowa. Sawa.

Jumanne, 13 Agosti

Sawa.

Jumatano, 14 Agosti

Sawa. Jotham, mwenyekiti wa kijiji, alikuja kutazama. Amesema Mwalimu sasa ameajiri mtumishi asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani.

Niliona kitenge cha buluu kikiingia nyuma ya migomba nilipokaribia. Ni Tusekile, mjane wa marehemu mwanangu Andrea. Nyumba yake ndiyo pekee iliyo karibu na kitalu. Kwa desturi yetu mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Wachungaji wameshauri tuache. Kanisani tunasema ndiyo. Njiani yeye huacha njia nami hugeuka upande. Tangu Andrea afe, miaka mitatu sasa, sijaisikia sauti yake. Maneno yote hupitia kwa Sekela.

Kisomoni huketi nyuma ya mgongo wa mwenzake Tupokigwe, shuka kichwani. Daftari lake hupitishwa mkono kwa mkono.

Jumatatu, 19 Agosti

Sawa. Baridi na ukungu hadi saa nne. Miche ina rangi nzuri.

Jumatano, 21 Agosti

Sawa.

Kisomoni niliwapa zoezi: sentensi tatu juu ya kazi ya kila siku. Nimesahihisha madaftari ishirini na mawili mpaka macho yakauma. Watu wazima hawapendi nukta. Tupokigwe tano. Tusekile saba, mwandiko wake umenyooka, lakini herufi kubwa anazitupa popote.

Ijumaa, 23 Agosti

Sawa. Bwana Shamba, Meshaki, amepita na pikipiki. Ameisifu miche. Amerudia onyo lake la mwezi Juni: maji alfajiri, kamwe si jioni, kwa sababu jani la chai likilala na maji katika baridi hii litaoza. Nilimwambia kwamba saa yangu haiwezi kusahau. Aliandika jambo hilo katika kitabu chake.

Jumanne, 27 Agosti

Sawa. Naona ninaandika neno hili kila siku, na bado kila asubuhi nateremka kilima haraka kama mtu aliyesikia mayowe. Sijui kwa nini. Kitu kinachojiendesha kilipaswa kunipumzisha.

Jumatano, 4 Septemba

Si sawa.

Nilifika saa moja. Kigingi nje, debe tupu, lakini matuta makavu kabisa. Mwanzi mkuu ulikuwa umegeuzwa, mwisho wake ukielekea mtaroni. Maji yote yamekwenda bure. Chini ya mwanzi palikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu, nyembamba, zikielekea nyumba ya Tusekile.

Kisomo hakikufanyika. Wanawake wote wako msibani upande wa pili wa bonde tangu jana usiku.

Nimegeuza mwanzi kwa mikono yangu na kumwagilia matuta kwa kopo. Mgongo unauma.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimetafakari. Nyayo zilikuwa mpya na za zamani, moja juu ya nyingine. Hii haikuwa mara ya kwanza. Amekuwa akiingia kila siku.

Kwa nini? Nadhani ni uchungu. Andrea alipokufa alitaka kubaki kwenye kiwanja cha juu, nami nikaamua ahamie chini kijijini kama serikali ilivyoelekeza. Huenda ameniwekea jambo hilo moyoni miaka yote mitatu. Mtu asiyeruhusiwa kusema nawe anaweza kuwaza lolote.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeiandikia kamati. Barua ina aya tatu. Ya kwanza inaeleza nyayo. Ya pili inaeleza kwamba kuhujumu mali ya kijiji ni kosa, awe ni nani. Ya tatu inapendekeza Tusekile asiingie tena kitaluni na jina lake liondolewe katika orodha ya watakaopewa miche.

Jotham aliisoma mara mbili. Akauliza kwa upole kama nina hakika, mtu mwenyewe akiwa mkwe wangu. Nilimjibu kwamba sitaki kusemwa nimependelea wa nyumbani. Alitaka kuongeza neno, akaliacha. Kamati imekubali yote.

Miche yake mia tatu watagawiwa wengine. Ana watoto wawili. Wajukuu wangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Sawa. Kisomoni nafasi nyuma ya Tupokigwe ilikuwa tupu.

Jumatano, 11 Septemba

Sawa. Tupu.

Jumamosi, 14 Septemba

Sawa. Je, nimeota meno yakidondoka, ile ndoto ya msiba? Hapana. Sikuota chochote, sikulala vizuri, basi. Ng'ombe amepunguza maziwa. Anamtafuta Sekela.

Jumatano, 18 Septemba

Tuta la nne lina madoa meusi kwenye majani. Miche kama arobaini. Nimeing'oa na kuichoma.

Ijumaa, 20 Septemba

Tuta la nne, la tano na la saba. Majani yanaanguka yakiguswa. Nimefikiri kwamba maji hayatoshi, kwa kuwa sasa jua la mchana limekuwa kali. Nimeweka debe kubwa zaidi ili kilango kikae wazi muda mrefu.

Jumapili, 22 Septemba

Sikwenda ibadani. Nilikaa kitaluni asubuhi yote nikihesabu majani mabaya.

Jumanne, 24 Septemba

Karibu miche elfu moja.

Nimemwuliza Jotham kama kuna mtu ameonekana kitaluni akinyunyiza kitu. Alijua ninamsema nani. Akasema mkwe wangu hajavuka mtaro tangu barua ile isomwe. Watoto wake wenyewe huzunguka kwa mbali wakienda kisimani.

“Basi miche inaoza kwa nini?” nilimwuliza.

“Mwalimu, mimi ni mtu wa ndizi,” alijibu. “Ya saa unayajua wewe.”

Sikupenda namna alivyolisema neno hilo, saa.

Ijumaa, 27 Septemba

Elfu moja na mia sita. Nimeongeza debe la pili. Nimepeleka ujumbe kwa Bwana Shamba.

Jumatatu, 30 Septemba

Hajafika. Nimetembea kati ya matuta mpaka nimechora njia.

Jumanne, 1 Oktoba

Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Meshaki alifika saa kumi na robo. Nilikuwa nimekwisha kujaza funguo na kurudisha kigingi. Alipiga magoti tuta la tano, akang'oa mche mmoja, akaunusa mzizi. Akaniuliza ninamwagilia saa ngapi. Nilimjibu: saa kumi na moja alfajiri, kila siku, bila kukosa. Akatikisa kichwa, akasema huu ni uozo wa maji ya jioni, amekwisha kuuona mahali pengi. Nilimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani. Tulibishana. Nilimweleza mtambo wote tangu mwanzo, kilango, kigingi, debe, kama nilivyoueleza katika shajara hii, naye alisikiliza kwa adabu ya kijana aliyefundishwa vizuri. Nilimsahau ng'ombe.

Kisha kengele ikalia.

Uzi ukajiviringa. Kigingi kikatoka. Maji yakaanguka juu ya matuta kumi na mawili, na jua likiwa linateremka nyuma ya migomba, na baridi imeanza kushuka.

Meshaki alitazama saa yake ya mkononi. “Mwalimu,” akasema, “hiyo inalilia nini sasa?”

Nilikuwa nimekwisha kuelewa, na naeleza hapa ili kosa lijulikane ni la nani. Mshale wa saa hupita kwenye tano mara mbili kwa siku. Saa haijui alfajiri wala jioni. Nilipoijaribu nyumbani niliijaza baada ya chakula, na tano ya kwanza iliyofuata ilikuwa ya alfajiri. Siku niliyoifunga niliijaza jua likizama. Ikawa vile vile. Tangu hapo nimeijaza saa kumi. Tano ya kwanza baada ya saa kumi huja saa moja tu baadaye, mimi nikiwa njiani na ng'ombe. Hapo kengele hutumia nguvu zake zote, na alfajiri hubaki kimya. Haikuwahi kumwagilia alfajiri hata siku moja, ila ile niliyokwenda kuitazama.

Niliyafunga maji kwa mkono wangu mbele ya Meshaki. Alisema ataandika taarifa akirudi wiki ijayo, na kwamba hatamwambia mtu kabla yangu. Akaondoka.

Ndipo nilipojiuliza swali la pili. Kwa wiki nne za mwanzo miche ilinawiri. Nani aliyekuwa akimwagilia alfajiri?

Nilikwenda ghalani yanakokaa madaftari ya kisomo. Nikalitafuta la Tusekile, zoezi la tarehe 21 Agosti. Nanakili kama lilivyo:

“Saa inalia Jioni maji ya jioni yanaua miche. Mimi nageuza mwanzi maji Yaende mtaroni. Alufajili namwagilia kwa kopo.”

Kwa penseli nyekundu: nukta imesahauliwa hapa. Herufi ndogo hapa na hapa. “Alfajiri.” Saba ya kumi. Mwandiko mzuri, jitahidi.

Hawezi kusema nami. Sekela yuko Kyela. Alikuwa na mlango mmoja tu wa kunifikia, nami nilikaa mlangoni nikihesabu nukta.

Siku ya msiba aliugeuza mwanzi jioni kama kawaida, akaenda kulia na wenzake, akachelewa kurudi alfajiri. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Jumatano, 2 Oktoba

Sikufundisha.

Alhamisi, 3 Oktoba

Hakuna ajuaye ila mimi na Meshaki. Kuanzia leo ningeweza kuijaza saa jua likizama, miche ingepona, watu wangesema Mwalimu amepata dawa. Naandika hili kwa sababu nililiwaza, tena kwa muda mrefu, nikipanda na kushuka kilima hiki bila shughuli yoyote.

Jumamosi, 5 Oktoba

Sekela amerudi. Kabla ya kushusha mzigo wake alinitazama, akaniuliza ni nani aliyekufa. Nilimweleza. Akaweka mzigo chini, akachukua fungu la ndizi, akashuka kwa mkwewe, na kukaa huko mpaka jioni.

Aliporudi nilimwuliza Tusekile amesema nini.

“Ameuliza kama umekula vizuri nilipokuwa sipo,” alisema Sekela.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemkabili Jotham juu ya lile neno lake, saa. Amekiri kwamba Tupokigwe alimletea habari ya kengele ya jioni mwezi Agosti, kwa niaba ya Tusekile. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema: “Ulinifundisha darasa la nne, Mwalimu. Nani angekuambia wewe kwamba hujui kusoma saa?”

Niliondoka nikiwa na hasira naye. Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imehamia kwangu mwenyewe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mkutano wa kijiji, wote wakiwapo. Nilisimama na barua yangu ya tarehe 6 Septemba, nikaisoma aya kwa aya, na baada ya kila aya nikasema mahali palipo na uongo. Aya ya kwanza: nyayo ni za kweli, zilikuwa zikienda kuokoa. Ya pili: aliyeharibu mali ya kijiji ni mimi, miche elfu mbili na mia nne imekufa. Ya tatu niliomba ifutwe, na jina lililoondolewa liwe langu. Kisha nikasoma sentensi zake, na alama niliyompa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hayakuja.

Jotham aliuliza kama Tusekile ana neno. Alikuwa nyuma kabisa, ametupa mgongo, shuka kichwani. Nami niligeukia ukuta, kama ipasavyo. Alinong'ona na Tupokigwe. Tupokigwe akasimama.

“Anasema anataka miche yake, wala hataki ya mtu mwingine. Ya Mwalimu abaki nayo, la sivyo wajukuu watakula nini wakimtembelea?” Akainama tena kusikiliza. “Anasema pia, ile saba sasa iwe kumi.”

Watu walicheka kwa nguvu, Jotham zaidi ya wote. Hata Sekela. Nilisema, nikiuambia ukuta, kwamba alama itarekebishwa.

Imeamuliwa: miche iliyopona igawanywe sawasawa kwa nyumba zote ishirini, mia na themanini kila moja. Kitalu awe nacho Tusekile.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nafasi nyuma ya Tupokigwe imejaa. Nimefuta saba.

Tupokigwe ameleta ombi: saa ibaki, ila kuijaza iwe kazi ya Tusekile, jua likizama, baada ya tano ya jioni kupita. Wazo lile lile lililonichukua karibu miezi miwili kulielewa, yeye alikuwa nalo tangu Agosti.

Jumatano, 23 Oktoba

Nilishuka alfajiri, nikasimama mbali, ng'ambo ya mtaro. Saa kumi na moja kengele ililia, maji yakaanguka. Kitenge cha buluu kilikuwa tayari kati ya matuta, kikikagua tundu moja moja la mwanzi. Hakuiachia saa peke yake. Nilirudi kabla hajageuka.

Ijumaa, 1 Novemba

Hakuna doa jipya.

Jumatano, 6 Novemba

Mawingu juu ya mlima tangu asubuhi. Joto baya. Siwezi kukaa mahali pamoja.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, kubwa, juu ya bati. Nilikumbuka saa: ingefungulia maji juu ya matuta yaliyokwisha kulowa, na mitaro ingebomoka. Nilivaa koti, nikateremka karibu nikianguka.

Kilango kilikuwa kimefungwa kwa kamba. Mwanzi umegeuzwa mtaroni. Saa haikuwamo, ila katika kijumba cha mbao palikuwa na karatasi ya daftari, imekunjwa na kuwekewa jiwe isipeperuke. Imeandikwa kwangu. Ni barua ya kwanza niliyopata kutoka kwake, na ninaibandika hapa chini.

“Baba leo mvua imekuja nimezima Saa. iko kwangu haijalowa. rudi ulale”

Penseli nyekundu ilikuwa mfukoni mwa koti. Niliiacha humo, nikapanda nyumbani kulala.